Timu Tatu Ndani ya Jezi Moja

Juzi nilikwenda Koboko, mji wetu wa mpakani, kwa harusi ya binamu yangu, na kabla hata ya kuonja chakula cha watu nikachomoka kimyakimya kwenda kuuona uwanja wetu wa shule. Sikuukuta. Nilikuta malori, ndugu yangu, malori yamepangwa bega kwa bega yakisubiri kuvuka mpaka, na pale lilipokuwa goli la upande wa juu mama mmoja anawauzia madereva chai na chapati. Nikanunua chai yake nikakaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa. Nilipotazama vizuri nikagundua kwamba nimekaa katikati ya eneo la penalti, mahali nilipopatia makovu yote ya goti langu la kulia.

Mimi nilikuwa beki wa timu ya wasichana. Usicheke. Nyumbani nilikuwa mikono ya kila mtu: teka maji, menya muhogo, beba mtoto, fukuza mbuzi wa jirani kwenye karanga. Lakini jioni za mazoezi nilikuwa mtu mwenye namba mgongoni, na hakuna aliyeweza kunituma chumvi. Niliupenda mpira ule kuliko nyama, na kwetu nyama haikuonekana ila sikukuu.

Shida ni kwamba tulikuwa tunafungwa. Kufungwa ndiyo ilikuwa kazi yetu, na tuliifanya kwa bidii. Mwalimu mkuu akachoka. Siku moja asubuhi, shule nzima ikiwa mstarini, akatangaza kwamba bado mechi moja, ya kwenda kucheza na wasichana wa Mvara kule Arua, na tukifungwa tena timu imekwisha. Jezi wangepewa wavulana, na sisi turudi kwenye netiboli. Wavulana walipiga makofi.

Ndipo alipoletwa mwalimu mpya kutoka wilaya ya Moyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini sisi wenyeji tulimwangalia mgeni huyu tukaona hatuponi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwavuli wa bluu na viatu vya kanisani, na alipokabidhiwa timu alitupa habari yake mwenyewe mapema.

“Mimi hapana kochi,” alisema. “Kochi anajua kupiga mpira. Mimi iko meneja.”

Basi tukamwita Meneja. Siku za kwanza hakufanya lolote ila kukaa kwenye kigoda cha jikoni chini ya mwavuli wake, akitega sikio. Tulidhani anasinzia. Kumbe alikuwa anasikiliza tunavyoitana. Sisi Wakakwa tuliitana Kikakwa, na mpira ukatoka kwa Mkakwa kwenda kwa Mkakwa. Walugbara, ambao baba zao walitoka Arua kuja kufanya biashara, nao vivyo hivyo. Golikipa wetu, binti wa muuza vitenge kutoka Kongo, alipiga kelele peke yake golini kwa Kiswahili cha kwao na hakuna aliyemjali. Bao likiingia, kila kundi lilitukana kundi jingine kwa lugha yake.

“Nyinyi iko timu tatu ndani ya jezi moja,” Meneja alituambia. “Na ile timu ya Mvara iko moja tu. Sasa mutashinda namna gani?”

Akaamuru kwamba uwanjani tutasema lugha moja, Kiswahili. Kiingereza alikikataa, ingawa darasani tulichapwa tusipokisema. Alisema Kiingereza kinataka mtu afikiri kwanza, na mpira hausubiri.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu ya bibi yangu. Kwa bibi, Kiswahili kilikuwa lugha ya kugonga mlango, lugha ya askari. Niliposema tu habari hiyo aliacha kusaga, akanitazama, akarudi kusaga kwa nguvu zaidi. Nilijua maana yake. Wiki ile sikupewa ruhusa ya kwenda mazoezini.

Jumapili Meneja akaja nyumbani. Hakujua Kikakwa, na hakuomba mkalimani. Alikaa mkekani akaanza kumenya karanga pamoja na bibi, akisema naye Kiswahili taratibu, habari ya mvua, habari ya bei ya simsim, yaani ufuta. Bibi aliendelea kumenya. Kisha akafungua mdomo, na nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu: bibi yangu akibwaga Kiswahili cha sokoni bila kukwama.

“Hii lugha ilileta askari kwa mulango yangu,” alisema. “Lakini wakati tulikimbia kule Kongo, nikauzisha simsim na hii hii, watoto wakakula.” Akapepeta maganda. “Acha mutoto acheze. Lakini mutoto huyu anaiongea mubaya.” Siku hiyo tulikula ugali wa muhogo na kumbikumbi wa kukaanga, na mgeni akaongezewa mara mbili.

Kiswahili hicho hata hatukufundishiwa uwanjani. Tulifundishiwa kijitoni, kwa kufua jezi. Meneja alitupanga wawili wawili, kila mmoja asiyejua lugha ya mama ya mwenzake, na kila jezi ikamuliwe kwa mikono minne. Sasa jaribu wewe kukamua jezi nzito na mtu msiyeelewana naye. Ukisokota huku naye akasokota huku huku, maji hayatoki. Tulianza kwa kusukumana na kununa. Halafu maneno yakaja yenyewe: vuta, kaza, geuza, acha. Mikono ilinuka sabuni ya mche, kijito kilijaa vicheko, na siku tuliporudi uwanjani tukashangaa kwamba maneno ya kutosha tunayo. “Kaza” ilikuwa mbane huyo. “Geuza” ilikuwa peleka mpira upande wa pili.

Lilibaki neno moja, la kumwonya mwenzako kwamba kuna adui nyuma yake. Golikipa alikuwa akipiga kelele “Mutu!” na sisi tulikuwa tunamcheka, tunaliiga shuleni kote, mutu, mutu, mpaka maskini akawa hasemi. Mmoja wetu, hodari wa darasa, akamwambia Meneja kwamba neno sahihi ni “mtu”. Meneja akamsimamisha golini aliite. Akaita, na sisi tuliokuwa katikati ya uwanja hatukusikia kitu. Kisha akamwambia golikipa aite lake.

“Munasikia?” Meneja aliuliza. “Mtu inabaki ndani ya mdomo. Mutu inafika mpaka kule kwa choo.”

Tukalichukua neno la golikipa, naye tangu siku hiyo akatembea kifua mbele.

Siku ya safari tulipakiwa kwenye pikapu juu ya magunia ya muhogo mkavu, tukafika Mvara tumejaa unga hadi kwenye kope. Watu walicheka. Kabla ya kuingia uwanjani Meneja alitukusanya chini ya mwavuli, kama kuku na vifaranga.

“Mwalimu mukuu alisema nini? Alisema mukifungwa. Nani alisikia ‘mushinde’?” Tukatazamana. Hakuna aliyesikia. “Basi hapana fungwa. Hiyo tu.”

Walitufunga bao moja mapema. Zamani hapo ndipo matusi yangeanza, kila mtu na lugha yake, na bao moja lingezaa matano. Nilisubiri nisikie nani atamtukana nani. Nikasikia “Kaza, kaza,” kutoka kwa Mlugbara mmoja ambaye mwezi mzima kabla ya hapo hakunisalimia. Mapumziko tukala karanga, tukanywa maji, na Meneja akafunga kamba za kiatu cha golikipa. Kipindi cha pili mpira ukagonga goti la mshambuliaji wetu, akiwa anatazama pengine kabisa, ukaingia wavuni. Goli la aibu, lakini goli ni goli.

Kisha wakatuzingira. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nauona mpira, na nyuma yake nilikuwa naona jezi yangu mgongoni mwa mvulana. Mpira ukanijia taratibu, nikataka kuutuliza kistaarabu, na nyuma yangu ikapasuka sauti: “Mutu!” Sikugeuka. Niliupiga mpira kwa nguvu zangu zote za kutwanga muhogo, ukaruka watazamaji, ukaruka ua wa miiba. Walipokuwa bado wanautafuta, refa akapuliza mwisho.

Nahodha wa Mvara akaja kunipa mkono, jasho linamtoka, ana swali. “Huyo Mutu iko nani kati yenu?” aliuliza. “Munamuita kila saa, na yeye hakuji!”

Jumatatu mwalimu mkuu akauliza matokeo mbele ya shule. “Hatukufungwa,” Meneja akajibu, akakaa. Mzee yule alifikiri kidogo, akakubali kwamba neno lake ni neno lake. Jezi zikabaki zetu. Baadaye tulishinda mechi kadhaa, na nyingine tulifungwa, lakini hakuna aliyezungumzia tena kutuvunja.

Sasa uwanja haupo. Meneja alihamishwa, na sijui aliko. Golikipa alivuka kurudi Kongo na baba yake, hata picha yake sina. Bibi amelala shambani kwetu Midia. Inauma, sitakuficha, kukaa juu ya kreti na kujua kwamba katika watu wote wale hakuna wa kumwita.

Mama wa chai alinisikia nikimuuliza dereva mmoja uwanja ulihamia wapi. Akaniambia wasichana wa shule siku hizi wanachezea nje ya mji, kwenye barabara ya Midia, na siku hiyo walikuwa na mechi. Nikapanda boda na kitenge changu cha harusi. Niliwakuta, jezi zimewapwaya, beki anagombana na golikipa, na walikuwa nyuma kwa mabao manne. Nikakaa kwenye nyasi, machozi yakanitoka kwa furaha, maana huwezi kuifunga timu iliyovunjwa. Bao la tano lilipoingia nikapiga makofi, na wazazi wa pande zote mbili wakageuka kuniangalia.