Zaka ya Mitende ya Baba

Kijiji cha baba yangu kiko juu mlimani, na serikali mbili zilikuwa zikikigombania tangu kabla sijazaliwa. Kule mtu hakuulizwa pasi. Aliulizwa zaka ya tende zake anampa nani, kwani anayepokea zaka ndiye anayehesabiwa mwenye kijiji.

Mimi nilizaliwa Unguja, nikaja Maskati mtu mzima, nikajenga mtaa wa Hail. Baba alinitangulia kurudi, akazikwa mlimani, akaniachia mitende yake. Ami yangu ndiye aliyekuwa akiitolea zaka, kimya kimya. Alipofariki, miaka ya tisini, faradhi ikanirudia mimi.

Msimu huo bin ami zangu wawili walinijia alasiri moja, bila kuagana. Mmoja alikaa Ansab, hapa hapa Maskati, mtu wa serikali ya huku. Wa pili alitoka kwenye serikali ya kule. Nikawaweka majlisi, mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto, sahani ya tende katikati.

“Zaka yako tupe sisi,” alisema wa Ansab. “Sisi ndio ndugu zako.”

“Na mimi nani, mpita njia?” alijibu mwenzake. “Baba yake kazaliwa nyumbani kwetu!”

“Muache. Huyu Mzanzibari, mtende na mnazi kwake mamoja.”

Hapo tu walipatana, wakacheka pamoja.

Mimi sikucheka. Kupanda kijijini lazima upite vizuizi viwili vya askari, cha huku na cha kule. Nikimpa huyu, yule atanifungia njia, nami nilikuwa nikitamani kulizuru kaburi la baba kabla miguu haijanikatalia. Nisipotoa, haki ya maskini inabaki shingoni mwangu.

Mke wangu akasema kwa Kiswahili nyuma ya pazia, akijua hawamfahamu, “Wanaume wazima, wagombania tonge la fakiri! Waongeze kahawa, bwana, vinywa vipate kazi.”

Magharibi ikaadhiniwa. Nikawasalisha, wote wawili safu moja, bega kwa bega. Tulipotoa salamu nikawageukia.

“Mwenyezi Mungu alipotaja wanaostahiki zaka, alianza na mafakiri. Iko nyumba ya juu kabisa kijijini, yumo mjane, hana mume wala mtoto. Zaka yangu ataipokea yeye, mkononi mwake.”

Wa Ansab akavaa viatu. “Basi umejitoa kwetu.”

“Na kwetu pia,” akasema wa kule.

Wakatoka pamoja, wakiongea kama ndugu.

Zaka ilimfika mjane kwa mkono wa mchuuzi wa mbuzi, ambaye askari wa pande zote walimzoea. Mimi nilipoomba ruhusa ya kupanda, wa huku waliniambia mimi ni wa kule, na wa kule wakaniambia mimi ni wa huku. Kila mwaka niliomba, na kila mwaka jawabu lilikuwa hilo. Nna nyumba, nna watoto, nna gari mlangoni, na safari ninayoitaka hainipi njia.

Msimu mmoja yule mchuuzi alipita Hail, akaniletea tende kidogo za mitende yetu na salamu za mjane.

“Kasema haki yake imemfika. Na kasema usihangaike na njia. Baba yako, yeye mjane ndiye anayemsomea Kurani kaburini, kila Ijumaa.”

Nikaitafuna tende moja taratibu, nikamshukuru Mola. Kokwa yake sikuitupa.