Wanasema wimbo niliopiga kwenye kipaimara ndio uliomuua mzee

Wakuu, salaam kwenu nyote humu ndani.

Kwa muda sasa silali vizuri, na kinachoninyima usingizi ni swali moja: wimbo unaweza kumfanya mtu aue?

Siulizi ili tubishane. Nauliza kwa sababu aliyeupiga huo wimbo ni mimi.

Nitakayoandika ni kweli tupu. Majina nimebadilisha na kijiji sitakitaja. Jueni tu ni Ngara, ukishika njia ya kwenda Bukiriro.

Mimi ni graduate wa sosholojia. Nilirudi nyumbani na cheti kwenye bahasha, na kazi niliyopata ni kupiga muziki kwenye sherehe. Spika na mixer ni za Mzee Seif, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini. Nazikodi kwake, nazunguka nazo Nyabusozi, Kasulo, popote penye harusi. Msicheke, ni kazi kama kazi nyingine.

Siku hiyo ilikuwa kipaimara cha mtoto wa mwisho wa shangazi yangu. Shangazi ni dada wa baba, mjane, na ndiye aliyenilisha likizo zote nilipokuwa sekondari. Mtoto wake mkubwa tumwite Deo. Binamu yangu, tumekua pamoja, tumechunga mbuzi pamoja.

Mgeni mmoja muhimu alikuwa Mzee Sixbert, mdogo wa marehemu baba yake Deo. Nyumba zao zinatenganishwa na migomba na mstari wa minyaa ya mpaka. Deo alikuwa anasema baba mdogo aliisogeza ile minyaa baada ya msiba wa kaka yake. Mzee alikuwa anasema haijasogezwa hata kidogo. Mimi sijui nani alikuwa mkweli, na mpaka leo sijui.

Kesi hiyo ilikuwa kwa wazee wa kijiji kwa miaka. Utaratibu wa kwetu ni kwamba wazee wakikaa kusikiliza, wenye kesi wanaleta urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Wazee wanakaa, wanasikiliza, wanakunywa, jioni inaingia, kesi inaahirishwa. Kikao kinachofuata, urwagwa nyingine.

Kesi ikiisha, urwagwa nayo inaisha. Fikirieni wenyewe.

Turudi kwenye sherehe. Misa imekwisha, watu wameshakula pilau, mchana mweupe. Watoto wanacheza, bibi mmoja ameshika fimbo yake anazungusha kiuno kuliko wote. Deo akanijia.

"Kaka, geuza hiyo spika iangalie migombani. Wazee wanalalamika masikio."

Nikageuza. Kweli mwanzo ilikuwa inawaelekea wazee.

Akasema tena, "Weka ile singeli ya wale jamaa wanaotukana. Halafu ongeza volume."

Nikaweka. Nikaongeza. Wakati huo sikujiuliza mtu anayejali masikio ya wazee anaongezaje volume.

Nikamwona anamwinamia Mzee Sixbert, anamwambia kitu, mzee anatabasamu na kunyanyuka. Wakaelekea kwenye minyaa. Deo alikuwa na gunia lililokunjwa kwapani. Nilidhani wanakwenda kuchukua urwagwa, nikafurahi moyoni kwamba wamepatana siku ya mtoto.

Wakuu, kati ya wimbo mmoja na mwingine kuna kimya kidogo. Kwenye kile kimya ndipo tuliposikia sauti ya Leticia, binti wa Mzee Sixbert. Alikuwa amekwenda kumwita baba yake waje wapige picha na keki.

Alikuwa anapiga kelele. Sijui alikuwa ameanza tangu lini.

Sitaeleza tulichokikuta. Ilikuwa panga, inatosha. Deo alikuwa amekaa chini pembeni, na alipokuja kuchukuliwa na polisi alirudia maneno yale yale: wimbo ulinipandisha, sikujijua.

Baada ya mazishi mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Nilidhani tutazungumzia mpaka. Tukazungumzia muziki. Nyimbo za siku hizi, video za kwenye simu, filamu za kuchinjana, vijana wamekuwa wanyama. Kuanzia sasa, kwenye sherehe ni kwaya tu. Watu wakapiga makofi.

Jamaa mmoja akasimama nyuma, akaniambia, "We DJ, hiyo degree ulisomea kuua?" Wakacheka. Siku chache baada ya kuzika, wakacheka.

Waliotikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote walikuwa wale wale wazee wa baraza. Neno mpaka halikutajwa hata mara moja.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kufikiri sana. Niliamini. Nilikaa na simu nikausikiliza ule wimbo mchana kutwa, huku najipima kama hasira inapanda. Niliusikiliza nikiwa na njaa, nikausikiliza nikiwa nimeshiba, nikausikiliza huku namuwaza mtu aliyewahi kunidhulumu. Nilichopata ni kichwa kuuma.

Nikaenda Biharamulo kurudisha spika, nikamwambia Mzee Seif biashara imeniua na imeua mtu. Mzee yule alikuwa anapima mchele, hata hakuacha.

"Kijana, hizi spika zimepiga kaswida, zimepiga kwaya, zimepiga huo uchafu wenu. Mbona waliosikia kwaya hawajawa watakatifu?"

Nilicheka kidogo. Kisha nikiwa njiani kurudi Ngara ndipo yale mambo yalipojipanga vizuri kichwani.

Gunia lenye panga lilikuwa limeandaliwa kabla ya wimbo. Wimbo aliuomba yeye. Spika iligeuzwa kwa ombi lake, ikaangalia migombani. Hakuwa anatafuta hasira. Alikuwa anatafuta kelele.

Na mtu pekee anayeyajua haya yote ni mimi.

Polisi walikuwa wamesema wataniita niandike maelezo. Kabla ya siku hiyo shangazi akaja nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye mkeka na kukataa kiti. Akaniambia watu wanasema kama Deo alichanganywa na muziki, basi hakukusudia, na asiyekusudia hanyongwi. Mwenyekiti naye ameahidi kulisema hilo hilo. Kinachobaki ni mimi kukubali kwamba nilipiga wimbo mbaya.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "sema tu ni wimbo. Wimbo haufungwi."

Huyu ni mama aliyenipa chakula wakati watoto wake mwenyewe wanagawana kidogo kilichokuwepo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanapenda kuulaumu muziki. Nilikuwa nadhani ni ujinga. Si ujinga. Muziki ukiwa na hatia, Deo anapona. Wazee wa baraza wanapona, hakuna atakayewauliza kesi ililala kwao miaka yote kwa nini. Mwenyekiti anaonekana amechukua hatua. Hata mimi ningepona, ningepiga magoti kidogo, ningesamehewa.

Mtu mmoja tu hafaidiki. Nilikutana naye kisimani. Leticia aliweka ndoo chini, akaniuliza bila hasira yoyote:

"Kaka, niwaambie watoto wangu babu yao aliuawa na wimbo?"

Nilitamani anitukane.

Wakuu, sisemi nyimbo hazina kitu. Kuna wimbo ulinitoa machozi chuoni mbele za watu, siwezi kusema sauti haimgusi mtu. Pengine ile singeli ilimpa Deo moyo wa kumalizia, sijui. Lakini wimbo haukunji gunia. Haumchagui mzee mmoja kati ya wageni wote. Kama shida ingekuwa nyimbo, tungemkamata na yule bibi mwenye fimbo.

Nilichojifunza ni kuangalia nani anapumua baada ya lawama kutupwa. Kijijini kwetu walipumua wengi mno. Mnaosema nimeuza damu yangu, andikeni hapo chini, nitasoma. Mwenye kujua sheria anieleze pia, ingawa kwa kuuliza nimeshachelewa.

Kwa sababu nilikwenda polisi. Nilieleza gunia, nikaeleza spika, nikaeleza volume. Askari akaniuliza kama nina uhakika Deo ndiye aliyeomba, nikasema alinishika bega wakati anaomba. Akanisomea yote, nikasaini.

Natoka nje nikakutana na shangazi ameshika hotpoti, amemletea Deo chakula. Akaniangalia mimi, akauangalia mlango niliotokea.

Nikamwambia, "Shikamoo, shangazi."

Akapita.