Spika za Pikapu ya Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji ya Mabatini, alikuwapo Fundi Mkuu Magesa. Mkewe, Mama Rhoda. Mfanyabiashara wa samaki mwenye gari. Baba mdogo Bwire, aliyetoka Musoma. Na wadogo zangu Neema na Yohana, wameketi juu ya tairi.

Baba mdogo alikuja kuwagawa. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami nilikuwa nimeacha shule. Neema angekwenda kwa shangazi Buhongwa, Yohana Musoma. Nilimwomba angoje, kwa sababu Fundi Mkuu alikubali kunijaribu.

"Msichana kwenye nyaya," baba mdogo akasema. "Haya, tuone kama cheche zinalisha watoto."

Miaka hiyo magari ya mtumba kutoka Japani yalianza kujaa Mwanza, na kila mwenye nacho alitaka kung'oa redio iliyokuja na gari afunge mpya yenye kishindo. Ya mfanyabiashara ilifungwa kwingine. Iliimba kidogo, ikanyamaza, ikaimba tena, ikanyamaza.

"Nimeuziwa sanamu," akasema.

"Redio nzima, mzee. Inajilinda," Fundi Mkuu akajibu, akanigeukia. "Chomoa nyaya za spika. Mkono wangu hauingii humo, wako unaingia."

Nikachomoa. Akanipa betri ya tochi na kipande cha waya, niguse upande mmoja kwenye bodi ya gari na mwingine kwenye waya wa spika. Spika ikakoroma.

"Haikupaswa kukoroma," akasema. Akaeleza kwamba spika zote za gari lile zilichangia waya mmoja wa hasi, uliofungwa kwenye bodi. Redio ya zamani ilivumilia. Mpya inataka kila spika iwe na nyaya zake mbili zisizogusa bodi. La sivyo inajizima isiungue. Dawa ni kuvuta nyaya mpya hadi kila mlango.

"Kumbe nimeitesa bure."

"Umeitesa, mzee."

Tulipomaliza, Fundi Mkuu hakujaribu kwa muziki. Muziki huficha kasoro, sauti ya mtu haifichi. Akatafuta stesheni, akakuta matangazo ya vifo. Majina ya marehemu yakatoka kila mlango, safi. Neema akashuka kwenye tairi, akasogea kusikiliza kama jina la mama litasomwa tena.

"Huyu namchukua," Fundi Mkuu akamwambia baba mdogo.

"Na hawa wawili?"

"Mama Rhoda ana sufuria kubwa."

Nilipomuuliza nitamlipa nini, akanionyesha pikapu yake isiyo na sauti. "Ukishaiva, nifungie redio humu."

Niliiva. Nikahamia Buzuruga, chini ya Meneja wa duka la vipuri, kisha nikafungua kibanda changu Buhongwa. Kila nilipomfuata Fundi Mkuu na redio mkononi alinirudisha: "Mteja kwanza, mwanangu." Yohana tulimzika akiwa kijana, lakini alikulia nyumbani kwetu. Fundi Mkuu naye akafariki, pikapu ikiwa bubu.

Sasa nimestaafu. Magari ya leo redio zake ni kompyuta, na sikio langu la kushoto limekufa kwa kuegemea milango nikisikiliza spika. Juzi nilikwenda kwa Mama Rhoda. Pikapu iko juu ya mawe, kuku wanatagia kwenye kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

Redio nimeifunga, na upande wa kulia unaongea. Mama Rhoda ndiye aliyeniambia, maana kwa sikio moja sijui sauti inatoka upande gani. Mlango wa kushoto umeshika kutu, haufunguki, na waya wake bado unaning'inia.