Koti la Vita Lililofuliwa

Jumamosi, huku ughaibuni, kwenye basi la barabara ya Kipling walikaa mbele yangu mzee na mkewe, watu wa kwetu. Mimi si mmbea, wao ndio walioongea kwa sauti. Mzee hukusanya nguo na zana kuukuu za jeshi la Marekani, na siku hiyo alikuwa analipeleka koti lake bora kwenye maonyesho ya wakusanyaji wenzake. Akalichomoa kwenye mfuko, akaduwaa.

“Mama, umelifua?”

“Lilikuwa linanuka.”

“Na jina la askari kifuani?”

“Nimelifumua. Jina la mume wa mtu la nini? Tundu la begani nalo nimeliziba.”

“Jina, doa, tundu, ndivyo vitu wanavyovitafuta wale! Sasa hili ni koti tu.”

Mama akageukia dirishani. “Sikutaka waseme huna mke.”

Mzee akapitisha kidole taratibu juu ya ule mshono wa begani, mdogo mdogo kama punje za mtama. Kisha akavua jaketi lake zito la baridi, akalivaa lile koti, akafunga vifungo vyote.

“Leo halilazwi mezani,” akasema. “Naingia nalo mwilini.”

Wenzake wakimcheka, shauri yao. Makoti yao yana madoa ya watu wasiowajua.