Kolekta iliyogongwa kama chungu

Mama mkwe wangu alifika kwetu Kalemie siku ya Jumatatu, na kabla hajavua viatu alimwambia mke wangu: "Mwambie bwana yako, Jumamosi mununuzi wa vyuma anakuja kubeba ile gari."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Lakini kwao mkwe na mama mkwe hawasemezani. Maneno hupita kwa binti, hata kama sote watatu tunasikia. Ni desturi nzuri, ila mke wangu hutia chumvi njiani.

Gari ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Mama mkwe aliniachia kwa sharti moja tu: itembee. Tangu hapo imekaa uani kwangu, na kuku wameshalelea vifaranga kwenye kiti cha nyuma. Kusema kweli tulipatana, mimi nayo, kwa sababu sote hatupendi safari. Wenzangu wamefika Kabalo, wamevuka ziwa hadi Kigoma. Mimi nikifika sokoni tu, narudi na uchovu wa msafiri. Mke wangu huwaambia majirani: "Bwana yangu anatengeneza gari ya kwenda chooni."

Lakini nilikuwa naitengeneza kweli. Injini yake ilikufa, nikapata nyingine, ya gari ya aina tofauti. Ilikubali kuingia, isipokuwa kolekta, lile bomba nene la chuma linalokusanya moshi wa injini. Mdomo wake ulielekea moja kwa moja kwenye mti wa usukani. Fundi wa sudire, yaani wa kuchomelea vyuma, akaukata, akaugeuza, akauchomelea upya, akanirudishia kitu chenye kovu nene kama kamba.

"Mimi nimeunga, Papa," alisema. "Kulainisha njo kazi yako."

Sekondari nilisoma pedagojia, masomo ya ualimu, kwa hiyo chombo ninachokijua vizuri ni chaki. Uso wa kolekta unaobana kwenye injini lazima uwe bapa, la sivyo moshi unapenya. Nikatoa kioo cha picha ya ndoa yetu, nikakipaka unga wa chaki, nikailaza kolekta juu yake. Palipoinuka palitoka peupe, na hapo ndipo nikapiga tupa. Tena kioo, tena chaki, tena tupa, siku mbili nzima. Ukutani, mama mkwe wa kwenye picha alinikodolea macho bila kizuizi. Yule wa kwenye kiti, kwa heshima, alitazama kuku.

Uso ukawa bapa. Ningeishia hapo, ningekuwa muungwana. Lakini lile kovu liliniudhi. Nikalisugua kwa tupa, kisha kwa msasa, hadi likang'aa kama kiatu cha Jumapili.

Ijumaa mchana niliiweka kolekta kando ya jiko, nikaenda kutafuta ufunguo wa kukazia buloni, yaani bolti. Niliporudi nilimkuta mama mkwe amechuchumaa, anaigonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio. Hajawahi kununua chungu bila kukigonga hivyo. Wauza vyungu wanamjua, na wakimwona anakuja wanaguna.

"Mwambie bwana yako, chungu chake kimepasuka."

"Papa, Mama anasema kimepasuka," mke wangu alipokea, "na kwamba umezeeka."

"Ile ya kuzeeka sikusema."

"Mwambie Mama, hiki ni chuma. Si udongo."

"Mwambie, mimi nasikiliza kwa masikio yale yale."

Nikacheka kidogo, kwa adabu, nikaipeleka kolekta kwenye injini na kuanza kukaza buloni ya kwanza.

"We mutoto! Acha! Usikaze!"

Ufunguo ulinidondoka. Mke wangu alijiziba mdomo. Miaka yote ya ndoa yetu, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya mama yake kwangu. Mama mkwe mwenyewe alivuta kitenge chake hadi usoni, kama mtu aliyepatikana anaiba.

Nikamwita fundi. Akaipaka kolekta mafuta ya taa, akaifuta kavu, kisha akaomba chaki yangu. Tulipoipaka ikawa nyeupe yote, halafu polepole mafuta yaliyojificha ndani yakatoka, na katikati ya lile kovu langu la kung'aa, ukajichora mstari mweusi mwembamba kama unywele.

"Ulipoisugua, Papa, ulipaka chuma juu ya ufa, kama muntu anapaka siagi juu ya mukate. Ungeikaza, ingekatika kwa moto wa kwanza."

Sufuria ya maharagwe ikateremshwa kutoka kwenye mbabula yetu, lile jiko letu la mkaa, kolekta ikapashwa juu ya makaa, ikachomelewa upya, kisha ikafukiwa ndani ya majivu ipoe taratibu. Tulikula maharagwe magumu, na hakuna aliyelalamika mbele yangu.

Asubuhi mama mkwe aliigonga tena. Safari hii ililia, ikavuta sauti.

"Mwambie, sasa akaze."

Mnunuzi wa vyuma alinikuta chini ya boneti, akaegemeza mkokoteni wake akingoja. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, halafu ikashika. Moshi ukatokea nyuma ya gari, kwenye bomba lake. Yule bwana akamtazama mama mkwe.

"Mwambie ule Papa, hapa hakuna vyuma vya kubeba."

Nimelifikiria sana jambo hili. Kama ni kuiuza alitaka, ilimtosha kunyamaza. Kolekta ingekatika mbele ya mnunuzi, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alivunja mwiko wake kwa ajili ya mkwe asiyefika hata Kabalo. Shukrani hizi nikizipitisha kwa mke wangu zitafika na chumvi nyingi, ndiyo maana naziandika.

Siku ile mama mkwe alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karte roze, karatasi ya umiliki wa gari. Miaka yote hiyo alikuwa hajanipa. Hakunipa mkononi. Aliiweka juu ya kiti cha dereva, akaingia zake ndani. Nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kuigusa.