Mgeni Niliyempandisha Darini

Nichekeni, nimestahili. Nyumba ya marehemu nyanya hapa Ndia Kuu nimeigeuza ya wageni: wanaona picha mtandaoni, wanaweka chumba, wanakuja. Picha inayowavuta ni ya darini, huku juu ya paa, nilipopanga viti na maua. Majirani walikuwa wameninunia kwa hilo.

Juzi nilikuwa namngoja mgeni kutoka Lamu. Alasiri nikamkuta mzee ameketi barazani kwangu, mkoba wa safari mapajani.

"Shikamoo mzee. Umetoka Lamu?"

"Marahaba. Naam, nimewasili leo."

Basi! Nikamnyang'anya mkoba, nikamwonyesha chumba na bafu, nikamwandikia nambari ya siri ya waifai. Alitaka kusema jambo, nikamkatiza: "Kwanza kula." Kwetu mgeni haulizwi haja yake kabla ya kahawa. Akala mahamri matatu. Kisha nikampandisha darini, nikamwonyesha bahari, nikajisifu weee, utadhani bahari nimeichimba mimi.

Simu ikalia. Mgeni wangu wa Lamu alikuwa bado kivukoni Feri, kapotezwa na ramani ya simu.

Nikamgeukia mzee. "Kwani wewe ni nani?"

"Kaka yake jirani yako. Nimetumwa nikwambie uifunge dari hii, wageni wako wanachungulia uani kwetu." Akaupima kwa kiganja ule ukuta mfupi wa darini. "Lakini weka hapa kimia cha mbao, kimo cha mtu, wageni wapate upepo wasione uani. Mimi nitazungumza na majirani." Akatoa simu yake. "Na ile nambari ya waifai nisomee tena, naona imekataa."