Mwangwi Asiousikia Korbinian

Ziwani kwetu hakuna barabara ya kuzunguka. Basi linakushusha gatini Seewinkl, na kuanzia hapo ama upande boti ama urudi ulikotoka, maana pande zote majabali yamesimama wima juu ya maji, hata mbuzi hapiti. Ndani ya shimo hilo alizaliwa Korbinian Aschauer, na humo humo aliendesha boti ya umeme miaka ishirini na saba, hadi kwenye kanisa la ng'ambo ya ziwa na kurudi, mara sita kwa siku.

Katikati ya safari nahodha huzima mota, hufungua mlango wa ubavuni na kulipigia jabali tarumbeta. Akinyamaza, jabali humrudishia wimbo. Kisha huja mzaha ambao manahodha wetu hurithishana: "Mmemsikia jamaa yangu wa kule juu? Na yeye anadai bia yake!" Bila tarumbeta huwi nahodha, na bila masikio mazima pia huwi. Masikio hupimwa kila baada ya miaka mitano.

Korbinian alikuwa hasikii mwangwi kwa mwaka wa tatu sasa.

Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, huku akitazama nyuso za abiria. Wakitabasamu, anajua jabali limejibu. Maneno aliyasoma midomoni. Nyumbani mkewe Walburga alimfokea, "Sikio la kufa halisikii dawa, wewe!" naye akashukuru kimoyomoyo, kwa kuwa mkaidi hafukuzwi kazi. Lakini kipimo kingine kilikuwa kinakuja Machi. Nje ya boti angekuwa nani? Magoti yake hayakuweza tena kupanda malishoni, na kijijini kwetu kazi nyingine hakuna. Kila asubuhi alipoyatazama majabali yale aliona yamesogea.

Aliyemwogopa kuliko wote ni msaidizi wake, Gundula Hölzl, mwanamke wa miaka arobaini mwenye ulimi mkali, aliyengojea unahodha mwaka wa tisa. "Huyu akijua tu, nimekwisha," alijiambia Korbinian. Ukungu ukishuka, Gundula alikwenda kusimama mbele kabisa ya boti kwenye baridi, akawa anapaza sauti: kulia, kushoto, taratibu. Korbinian akaona ni kiherehere cha mtu anayetamani usukani.

Asubuhi moja ya Oktoba upepo wa kusini ulivuma kwa nguvu. Korbinian alipiga tarumbeta, akahesabu hadi nne, akageuka. Akina mama wa kwaya fulani walikuwa wanatabasamu, basi akautoa mzaha wake wa bia. Kumbe walikuwa wanamtazama bata aliyeruka na kutua juu ya kizingiti cha mlango. Mwangwi ulikuwa umechukuliwa na upepo.

Bibi mmoja wa kiti cha mbele akamtazama usoni. "Mbona hajajibu?"

Korbinian aliyasoma maneno hayo vizuri kabisa.

"Kalala, bibi!" Gundula akadakia kutoka nyuma. "Jana kanywa bia za wiki nzima!" Boti nzima ikaangua kicheko.

Waliporudi gatini na abiria kushuka, Gundula alifunga mlango, akaja kusimama mbele yake.

"Mzee Korbi, nitazame mdomoni kama ulivyozoea."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Boti ya nahodha mwenzako Pankraz ilitupigia honi kwenye ukungu, wewe unapiga mluzi tu kama mtu aliyeko harusini."

"Na ukanyamaza? Ungepata usukani wangu!"

"Usukani nilipewa. Pankraz alipostaafu. Nikaukataa."

Korbinian aliikumbuka siku hiyo. Yeye mwenyewe alicheka na wenzake gatini, wakisema mwanamke kaogopa maji marefu.

"Ulikataa kwa nini, mwanangu?"

"Kwenye ukungu nani angekusikilizia honi? Humu ndani wanaingia watu themanini, mzee. Nikawaambia bado najifunza tarumbeta."

Na Gundula hakuna aliyemshinda kwa tarumbeta ziwa zima. Aibu ilimpanda Korbinian hadi utosini. Miaka yote hiyo alijihurumia kama mfungwa, kumbe ndani ya kifungo chake alikuwa amemfungia na mtu mwingine, tena akamcheka.

"Mimi sitasema neno," Gundula alimwambia. "Machi itajisemea."

Korbinian alivua kofia ya unahodha, akaiweka juu ya usukani, akatembea hadi ofisini. Alisema neno moja tu: "Sisikii." Mkuu wa gati alijibu kitu kirefu akiwa ameinamia karatasi zake, na Korbinian hakuona midomo.

Safari ya saa tano ilitoka na Gundula usukanini. Korbinian alikaa kwenye benchi la mbao kati ya abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Upepo ulikuwa umetulia. Gundula alizima mota, akapiga wimbo ule ule, akashusha tarumbeta.

Safari hii Korbinian hakuhesabu. Alimgusa mkono jirani yake, mwanamume mwenye mkoba mgongoni.

"Samahani, ndugu. Mimi ni kiziwi. Amejibu?"

Yule bwana akainua kidole kumwashiria asubiri kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa.